Wakili asiye na jalada, profesa asiye na mitihani ya kusahihisha: watunzi wanatuonyesha nini?

Mwanzisha mada

Wakuu, habari za saa hizi. Nina jambo limenikaa kooni, naomba tulijadili bila matusi.

Wiki mbili zilizopita alikuja bwana mmoja dirishani kwetu masjala, amevimba kwa hasira. Mimi ni karani wa mahakama, na kwa miaka niliyokaa pale nimezizoea hasira za kila namna: ya mtu ambaye kesi yake imeahirishwa mara ya sita, ya aliyeambiwa jalada halionekani, ya aliyeshindwa na haelewi kwa nini. Hii ilikuwa ngeni kwangu. Bwana alitaka kujua aende wapi kumshtaki wakili wake. Wakili alikuwa amezungumza na upande wa mashtaka, shtaka kubwa likaondolewa, mteja akakiri lile dogo, akalipa faini na kwenda zake nyumbani. Kwa hesabu zangu wakili huyo alistahili kubebwa juu juu. Mteja yeye alikuwa na lake: "Hakusimama hata mara moja kusema pingamizi!" Nikamuuliza alitaka apinge nini. Akanitazama kama mimi ndiye mjinga.

Picha ile hakuitoa mahakamani. Mimi sijawahi kuona shahidi akiungama kuua kwa sababu ameulizwa swali tamu. Imetoka kwenye runinga, na ni picha ya zamani. Mfululizo wa Perry Mason, wakili wa kubuni, ulirushwa Marekani kuanzia 1957 hadi 1966, sehemu 271, na mara nyingi mwisho ulikuwa uleule: muuaji halisi anajianika mwenyewe mbele ya hakimu, mteja anaachiwa, wakili anatabasamu. Baba aliyekuwa akitazama amekwisha kuzeeka, na mjukuu wake bado anauona mwisho huohuo kwa sura nyingine.

Ukweli ni kwamba kesi nyingi hazifiki hata kwenye kusikiliza mashahidi. Mwaka 2012, katika shauri la Missouri dhidi ya Frye, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitaja takwimu zenyewe: asilimia 97 ya hatia katika mahakama za shirikisho, na asilimia 94 katika mahakama za majimbo, zilitokana na washtakiwa kukiri. Nchi iliyoifundisha dunia nzima neno "pingamizi" kwa njia ya runinga ndiyo hiyo.

Sasa mtauliza wanazuoni wanaingiaje hapa. Wanaingia kwa sababu lugha yetu imekwisha kuwaweka kapu moja. Mahakamani utasikia "wakili msomi". Nje ya mahakama profesa naye anaitwa msomi. Neno lenyewe halina makuu, msomi ni mtu anayesoma. Basi fungua runinga umtafute msomi anayesoma. Wakili utamkuta anaongea. Profesa utamkuta anakimbizwa na watu wenye bunduki. Robert Langdon wa riwaya ya The Da Vinci Code ni profesa wa elimu ya alama pale Harvard, idara ambayo Harvard haina. Indiana Jones, profesa wa akiolojia, katika filamu ya 1989 anawaambia wanafunzi wake kwamba asilimia 70 ya akiolojia hufanyika maktabani. Baada ya maneno hayo ya hekima anawatoroka wanafunzi kwa kupitia dirisha la ofisi yake, na maktaba tunayomwona akiingia anaivunja sakafu.

Watu wakijadili haya hubishana kama wasomi wamechorwa wabaya au wazuri. Hilo mimi halinisumbui. Wakili mhuni na wakili shujaa wa kwenye runinga ni ndugu wa tumbo moja: wote wawili hawana jalada. Ushindi wao hutoka mdomoni. Chukueni Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare ambayo Nyerere aliitafsiri mwaka 1969. Wengi wetu tulisoma shuleni jinsi Portia anavyomkomboa Antonio, aliyeshindwa kulipa deni ambalo dhamana yake ni ratili ya nyama ya mwili wake: nyama chukua, ila damu isimwagike. Tulipiga makofi. Sikumbuki mwalimu aliyetuambia tuhesabu makosa. Portia hana shahada wala leseni, amevaa nguo za kiume na jina la kubuni, ameletwa kwa barua ya utambulisho kutoka kwa mwanazuoni wa Padua, na badala ya kutetea upande anaamua kesi. Tena ana maslahi: Antonio alikopa ili rafiki yake Bassanio apate fedha za kwenda kumposa Portia huyohuyo! Leo jalada kama hilo lingerudi kwangu likiwa na rufaa yenye sababu kumi.

Swali langu kwenu: je, mtunzi ana wajibu wowote wa kuonyesha kazi ya msomi ilivyo? Mimi nasema anao. Simwambii atuchoshe. Nasema asidanganye kuhusu mahali ushindi unakotoka, kwa sababu yule bwana wa dirishani alikuwa karibu kumharibia kazi mtu aliyemwokoa.

Kalamu Nyeusi

Mwanzisha mada, nakuheshimu, lakini mimi naandika miswada ya runinga na nitakujibu bila kuzunguka.

Nina dakika 42. Ndani yake lazima mtu auawe, akamatwe, apendwe, asalitiwe na kesi iishe. Ukitaka nikuonyeshe wakili akisoma mikataba saa nne mfululizo, utahama chaneli dakika ya pili, na usinidanganye kwamba utabaki. Wavuvi wa kwenye filamu nao hawakai siku tatu bila kupata samaki. Mbona hawajaandamana?

Pili, huyo unayemlaumu kwa ajili ya Perry Mason, mtunzi Erle Stanley Gardner, alikuwa wakili California kabla hajaanza kuishi kwa kalamu. Alijua mahakama kuliko wewe na mimi. Aliamua kubuni kwa makusudi, na mtu huyohuyo mwaka 1948 alianzisha juhudi za kuchunguza upya kesi za watu waliofungwa kwa makosa. Hadithi zake za kubuni ndizo zilizompa jina na fedha za kufanya hivyo.

Tatu, tuangalie matokeo. Sonia Sotomayor, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani tangu 2009, alipohojiwa na Seneti alisema Perry Mason ilimvuta kwenye sheria alipokuwa mtoto. Sikilizeni alichokibeba, maana kinavunja hoja yote ya mada hii. Hakumbeba Mason. Alikumbuka sehemu ambayo mwendesha mashtaka, yule anayeshindwa kila wiki, anasema kwamba kazi yake ni haki, kwa hiyo asiye na hatia akiachiwa yeye pia ametimiza kazi yake. Mtoto aliitazama "porojo" yetu na kuchukua maadili ya taaluma kutoka kwa mhusika wa pembeni. Mtazamaji si kopo tupu, mkuu.

Mtazamaji Tu

Mimi nilitaka kusoma sheria kwa sababu ya suti. Nikaambiwa kuna kusoma. Sasa hivi nauza suti.

Jalada 44

Mimi ni wakili, nimecheka na huyo wa suti.

Nadhani ninyi wawili mnabishana kuhusu jambo jepesi. Iwe wakili anaongea au anasoma, mteja atazoea. Kuna uongo mzito zaidi ambao sijaona mtu akiutaja: kwenye hadithi karibu kila anayetetewa na wakili mwema hana hatia. Mteja wa Perry Mason hana hatia. Tom Robinson katika riwaya ya To Kill a Mockingbird hana hatia. Kwa hiyo mtazamaji anajifunza kwamba wakili ni mwema kwa sababu mteja wake ni mwema. Akija kukutana na wakili anayemtetea mtu aliyefanya kosa kweli, anamwona kuwa mshirika wa uovu.

Naulizwa hilo kwenye misiba, kwenye harusi, kwenye kinyozi: "Unawezaje kumtetea muuaji ukalala usingizi?" Uingereza mawakili wa mahakamani wana kanuni wanayoifananisha na foleni ya teksi: abiria aliye mbele ndiye wako, humchagui kwa sura, ilimradi kazi iko ndani ya uwezo wako na una nafasi. Maana yake ni kwamba anayenuka na anayenukia watapata mtetezi sawasawa. Nionyesheni mfululizo uliojengwa juu ya hilo.

Hata Atticus Finch, wakili anayemtetea huyo Tom Robinson, tumemsoma vibaya. Mwaka 2003 Taasisi ya Filamu ya Marekani ilimweka namba moja katika orodha ya mashujaa wa sinema za nchi hiyo. Watu humsimulia kama mtu aliyejitosa mwenyewe. Hakujitosa! Hakimu alimpangia kesi. Uzuri wake ni kwamba alipopangiwa aliifanya kwa moyo wote, akijua atashindwa, na akashindwa. Kilichobaki vichwani mwa watu ni hotuba ya mwisho na miwani.

Annalise Keating wa mfululizo wa runinga wa How to Get Away with Murder ni wakili na ni mwalimu wa sheria kwa wakati mmoja, kwa hiyo anawafaa ninyi wote wawili. Viola Davis alimcheza vizuri mno. Tuzo ya Emmy ya 2015 ilimfanya mwanamke mweusi wa kwanza kushinda kama mwigizaji mkuu wa kike katika tamthilia, na sina neno juu ya hilo. Ila wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaficha maiti na mwalimu wao anawasaidia kufunika, halafu wateja wangu wananiuliza, kwa sauti ya chini, kama kuna "njia nyingine". Hawaulizi sheria inasemaje. Wanauliza namjua nani. Hiyo ndiyo hasara ninayoiona ofisini.

Kalamu Nyeusi, kuhusu kusoma kutokuwa na mvuto, itazame tena My Cousin Vinny ya 1992. Wakili mgeni anahangaika kumlainisha mwendesha mashtaka ili achungulie faili lake, hadi anakwenda naye kuwinda. Anarudi anajisifu kwa ujanja wake. Mchumba wake, ambaye muda huo alikuwa amekaa na kitabu cha kanuni, anamwambia kuwa sheria inamlazimu mwendesha mashtaka kumpa faili hilo bila ujanja wowote. Ukumbi mzima unacheka, na kichekesho ni kwamba mtu hakusoma. Mawakili tunaipenda filamu ile kuliko zote zenye machozi.

Kalamu Nyeusi

Wakili msomi, hiyo ya Vinny nakubali umenipata. Ila kumbuka ni dakika moja ya kusoma, imezungukwa na saa moja na nusu ya vurugu.

Mwanzisha mada

Dakika moja inanitosha, ndugu yangu! Wala sikuomba zaidi. Mfululizo wa Better Call Saul ulitoa zaidi ya hiyo: katika msimu wa kwanza, 2015, wakili Jimmy anazama kwenye pipa la taka kutafuta nyaraka zilizokatwakatwa na mashine, halafu yeye na kaka yake wanaunganisha vipande kimoja kimoja. Hakuna bunduki, hakuna hotuba, ni vipande vya karatasi tu, na sikuweza kuinuka kwenye kiti. Kwa hiyo inawezekana.

Kuhusu mteja asiye na hatia, wakili umesema jambo ambalo sikulifikiria. Nalichukua.

Chaki

Naona wanazuoni tumepewa aya moja yenye Indiana Jones tukaachwa mlangoni. Mimi ni mhadhiri, niruhusuni niingie na kiti changu.

Mawakili angalau wanaonyeshwa mahali pao pa kazi. Sisi tunaonyeshwa tumetoka. Profesa wa hadithi ama ana fomula itakayoangamiza dunia, ama analala na mwanafunzi, ama ni mzee mwenye nywele zilizosimama asiyejua soksi zake ziko wapi. Na picha hii huingia mapema. Mwaka 1983 David Chambers alichapisha utafiti ambao watoto 4,807 waliombwa wachore mwanasayansi. Michoro ya mwanamke ilikuwa 28, yote ya wasichana. Hakuna mvulana hata mmoja. Miongoni mwa alama alizozitafuta katika michoro ni koti jeupe, miwani na ndevu. Wengi wa watoto hao nadhani hawakuwa wamekutana na wanasayansi. Walikuwa wamekutana na picha za wanasayansi.

Lakini madhara ninayoyaona darasani ni mengine, na nitachukua muda kuyaeleza kwa sababu yananiuma. Ni ile imani kwamba akili ni umeme. Kwenye filamu mtu wa kipaji anautazama ubao, macho yanamtoka, namba zinaruka hewani, jibu limepatikana. Anayefuta sakafu anapita ukumbini anamaliza swali lililowashinda maprofesa. A Beautiful Mind, ile ya 2001 kuhusu mwanahisabati John Nash, inawaonyesha maprofesa wa Princeton wakimwekea kalamu zao mezani, mmoja baada ya mwingine, kama ibada ya heshima. Desturi hiyo haipo. Waliibuni kwa ajili ya filamu, na leo kuna wanafunzi wanaoniuliza ni chuo gani kingine kinaifanya.

Mwanafunzi aliyelelewa na picha hizo akikaa na swali siku tatu bila jibu, hafikirii kwamba ameanza kazi. Anafikiri amegundua kuwa hana kipaji. Nimempoteza msichana mmoja kwa namna hiyo, aliyekuwa bora kuliko mimi nilipokuwa na umri wake. Alihamia fani nyingine kwa sababu, kwa maneno yake, "haiji". Kwani inapaswa ije yenyewe?

Sasa Kalamu Nyeusi atasema siku tatu za kukwama hazina mvuto. Sikiliza hii. Mwanahisabati Andrew Wiles alijifungia kama miaka 7 akitafuta uthibitisho wa nadharia ya Fermat, swali maarufu la hisabati, akiwa amemwambia mtu mmoja au wawili tu. Juni 1993 akautangaza uthibitisho huo Cambridge, magazeti yakalipuka. Muswada ukapelekwa kwa wakaguzi. Mmoja wao, Nick Katz, akamwandikia kuuliza kuhusu hatua fulani. Swali dogo, la adabu, kama yale tunayoulizana kila siku. Wiles akajibu. Jibu halikutosha. Akauliza tena, na ikaonekana kwamba pale palikuwa na shimo. Dunia yote imekwisha kushangilia, na mtu yuko chumbani peke yake na shimo. Alikaa nalo zaidi ya mwaka, akimwita Richard Taylor, mwanafunzi wake wa zamani, amsaidie, na alikuwa anakaribia kukata tamaa. Septemba 1994 akaliziba.

Niambie hapo kinakosekana nini. Kuna fahari, aibu, urafiki, saa inayokimbia. Na adui wa hadithi nzima ni mstari mmoja usiokubali. Hakuna haja ya kuongeza bunduki.

Jambo la mwisho halafu nikasahihishe mitihani, ipo mia na kitu. Kwenye hadithi mwanazuoni hasemi "sina hakika". Akisema, ni kwa sababu anaficha siri. Kwetu hayo ndiyo maneno tunayolipwa kuyasema. Watu wakimsikia mtaalamu kwenye taarifa ya habari akisema ushahidi bado haujatosha, wanamwona mbabaishaji, na anayekuja baada yake akiropoka kwa uhakika ndiye anayeaminiwa.

Mtazamaji Tu

Mwalimu, hiyo ya Fermat ningeitazama. Ila aigize mtu mwenye suti.

Shahidi wa Pili

Nimesoma kuanzia juu kimyakimya, sasa nimechoka. Karani, wakili, mhadhiri, wote mmejaa hapa mnahurumiana jinsi runinga inavyowaonea. Mimi si msomi. Mimi ni mtu niliyekuwa na shauri la mirathi kwa miaka tisa.

Runinga haiwaonei, inawapamba. Kwenye runinga wakili anafika kwa wakati. Kwenye runinga kesi inaisha! Mwanzisha mada analalamika kwamba watunzi wamefuta jalada. Jalada langu halikufutwa na mtunzi, mkuu. Lilipotea masjala, na nikaambiwa nianze kutafuta nakala za hati moja moja, kwa gharama yangu, na mashahidi wawili walikuwa wamekwisha kufariki. Hakuna aliyeniomba radhi.

Mnayemwita mzushi mimi namwita shahidi. Dickens aliandika Bleak House mwaka 1852 na 1853, ndani yake kuna kesi ya mirathi, Jarndyce dhidi ya Jarndyce, ambayo inaendelea vizazi hadi siku moja inaisha ghafla. Inaisha kwa sababu gharama zimeula urithi wote. Watu waliosoma sheria walisema ametia chumvi. Lakini alikuwa amefanya kazi ya ukarani kwa mawakili akiwa kijana, na mwaka 1844 yeye mwenyewe alikwenda mahakamani kuwashtaki walioiba hadithi yake ya Krismasi. Alishinda. Walioshindwa wakatangaza kufilisika, naye mshindi akabaki na gharama. Mtu wa namna hiyo hahitaji ruhusa ya chama cha mawakili kuandika.

Kwa hiyo mnapotaka mtunzi awe na "wajibu", nauliza wajibu kwa nani? Kwenu? Tukianza kuwapa wenye taaluma haki ya kusahihisha hadithi, hadithi ya kwanza kusahihishwa itakuwa yangu.

Jalada 44

Ndugu Shahidi wa Pili, pole. Sina utetezi wa miaka tisa. Naongeza tu kwamba wakati mwingine wakili naye anazungushwa pale pale dirishani, ila najua yeye analipwa kuzungushwa na wewe ulikuwa unalipa.

Mwanzisha mada

Nimeusoma ujumbe wa Shahidi wa Pili mara tatu kabla ya kujibu.

Nimeandika "jalada halionekani" kwa mkono wangu. Si mara moja. Tuna namna ya kuyasema yale maneno, unatazama pembeni kidogo ya uso wa mtu, kama vile jalada limeondoka lenyewe kwa miguu. Nilipofungua mada nilimweka yule bwana wa faini mbele kwa sababu yeye alikuwa na makosa na mimi nilikuwa sahihi. Wengine waliosimama pale dirishani sikuwaleta.

Basi nirekebishe nilichosema. Sitaki mtunzi apewe wajibu kwa wasomi, na wazo la chama chochote kupitisha miswada silitaki hata kidogo. Ninachoshikilia bado ni hiki: kazi yetu ikiwa haionekani kwenye hadithi, uzembe wetu nao hauonekani. Runinga ina mawakili wala rushwa, mahakimu walevi, maprofesa wauaji. Sijawahi kuona ndani yake mtu akipoteza urithi kwa sababu kabati halikufungwa vizuri. Ubaya wa kwenye hadithi una akili sana. Wa kwetu mara nyingi ni uvivu na vumbi. Dickens aliliona hilo, na ndiyo maana yeye huyo simweki kundi moja na wengine.

Bibi wa Hadithi

Wanangu, mmekwenda mbali sana, mpaka Princeton, na nyumbani kuna hadithi ya mwalimu na kesi ambayo ilichapishwa tangu karne ya 19 na ilisimuliwa kabla ya hapo. Mmemsahau Mwalimu Goso?

Mwalimu Goso alikuwa akisomesha watoto chini ya mti. Paa akapanda mtini kuiba matunda, tunda likaanguka, likampiga mwalimu kichwani, akafa. Wanafunzi wakaapa kumtafuta muuaji. Wakaukamata upepo wa kusi, wakaupiga. Upepo ukajitetea: ningekuwa na nguvu hivyo, kiambaza kingenizuia? Wakakiendea kiambaza. Kikasema, ningekuwa mimi, panya angenitoboa? Wakaenda hivyo kwa panya, kwa paka, kwa kamba, kwa kisu, kwa moto, kwa maji, kila mmoja anapigwa kwanza kisha anasikilizwa, na kila mmoja anaponea kwa kumtaja anayemzidi. Mwisho wakamfikia paa. Paa akanyamaza. Wakasema, huyu ndiye, wakamuua.

Nilipokuwa mtoto nilifurahi kwamba mkosaji amepatikana. Nilipokua nikaanza kuona vingine. Walikuwa wanafunzi, watu wa kusoma, na hakuna aliyekumbuka kutazama juu ya mti. Kila aliyejua kusema aliachiwa. Aliyenyamaza akafa kwa kunyamaza, na hata kama kweli ni yeye, hakuna aliyeuliza kama alikusudia.

Karani, unasema watunzi wanaficha mahali ushindi unakotoka. Hadithi hii haifichi. Inakuambia wazi kwamba ushindi unatoka mdomoni, na inakuacha na mzoga wa paa. Sijui kama aliyeitunga alikuwa anatusifia au anatusuta.

Chaki

Bibi, shikamoo. Nimeifundisha hadithi hiyo miaka kumi kama mfano wa hadithi mnyororo. Sikuwahi kuifundisha kama kesi. Jumatatu nitaanza upya.

Jalada 44

Bibi shikamoo. Haki ya kunyamaza. Huwa natumia saa nzima kumweleza mteja kwa nini anayo, na familia yake inanisubiri nje na swali moja: kama hana hatia, mbona hasemi?

Kalamu Nyeusi

Shikamoo bibi. Mmeniharibia usiku wangu, nilikuwa na muswada wa kukabidhi kesho.

Sijabadili msimamo kuhusu wajibu, sina wajibu kwa mtu. Lakini karani, hilo la kabati lililoachwa wazi limenikaa. Nikuulize kitu kimoja cha kazi. Hayo majalada "yasiyoonekana", je, huwa yanaonekana baadaye? Likionekana, nani huwa wa kwanza kuliona?

Mwanzisha mada

Huwa yanaonekana. La mwisho aliliona mfagizi. Lilikuwa limekunjwa mara mbili chini ya mguu wa kabati, kabati lisiyumbe.